Mafuta ya Mesheki

Lutengano Kihwele hakubisha hodi. Aliingia kwenye kibanda cha wasikilizaji saa saba mchana, akaweka kipande cha kamba ya chuma mezani, karibu kabisa na sahani ya ugali wa uwele na mlenda aliyokuwa anaila Mesheki Sogoda, akavuta kigoda.

"Mbukwa, mtani," alisema. "Maliza kula kwanza. Nikishakuonyesha hiki hutakula tena leo."

Mesheki aliendelea kutafuna. Miaka ishirini na miwili ya kufanya kazi na huyu Mhehe ilikuwa imemfundisha kutoonyesha kwamba ana haraka ya kujua. Walikuwa watani, Mgogo na Mhehe, na utani wao haukuwa na likizo. Kwenye msiba wa mama yake Mesheki, Kihwele alisimama mbele ya waombolezaji akasema mama wa watu amekufa kwa kuchoka kutazama uso wa mwanawe, na Mesheki akacheka huku machozi yanamtoka. Kazini, Kihwele alikuwa fundi wa kamba wa mnara wa Ntyuka na Mesheki alikuwa msikilizaji wake. Mmoja aliunga kamba, mwingine alisikiliza kama zimeungika.

Nje ya dirisha jiwe la kata lilikuwa linapanda. Lenyewe halikuonekana, lilikuwa ndani ya shimo lake, lakini mshale mwekundu ubavuni mwa mnara ulionyesha lilipo, na mshale ulikuwa umepita nusu. Kila mtu Ntyuka, awe anafua, anachoma mahindi au anatoka msikitini, aliutupia mshale huo jicho mara ishirini kwa siku. Ukifika juu kabla jua halijazama, taa zitawaka, maji yatapanda kwenye matangi na friji za wauza samaki zitanguruma mpaka alfajiri.

Mesheki alinawa, akakichukua kile kipande. Kilikuwa kinene kama kigimbi cha mtu, na kwa nje kilikuwa cheusi, laini, kinang'aa kama kiatu cha mchungaji. Yale yalikuwa mafuta yake. Harufu yake aliijua hata akiwa usingizini.

Kihwele alieleza kwa kifupi. Alitaka kitu cha kufungia geti la nyumbani kwake, akakata kipande kutoka kwenye kamba iliyotolewa mwaka jana walipobadilisha rola za kupitishia kamba. Kamba hiyo ilitolewa ikiwa nzima, imesikilizwa na kupitishwa. Msumeno ulipofika katikati alidhani umeingia kwenye mchanga.

"Kiinamishe," alisema.

Mesheki alikiinamisha. Unga mwekundu ulimwagika mezani, laini kama ugoro, mwingine ukaingia kwenye mlenda uliobaki. Nyuzi za nje zilikuwa nzima. Za ndani zilikuwa zimeshakuwa unga.

Mesheki alichota unga kidogo, akausaga kati ya vidole.

"Asiyekuwa mtani wako angetafuta maneno laini," Kihwele alisema. "Mimi sina. Haya ni mafuta yako, Mesheki. Yamekula kamba. Na jiwe likidondoka, kaburi lako na makaburi ya wenzako nitachimba mimi, maana ndiyo kazi ya mtani. Mgongo wangu hauwezi makaburi mengi hivyo."

*

Mji wa Dodoma ulipofika watu milioni tano, betri kubwa zilizoletwa kutoka ng'ambo zilikuwa zimeanza kufa moja baada ya nyingine, na hakuna aliyejua pa kuzitupa. Jua lilikuwepo la kumwaga. Shida ilikuwa kuliweka mpaka jioni. Ndipo wakubwa wakageukia kitu ambacho Dodoma haijawahi kukosa, yaani mawe. Katika kila kata lilichimbwa shimo la mita mia sita kwenda chini ndani ya mwamba, na ndani yake likatundikwa jiwe la tani elfu nne kwa kamba thelathini na mbili. Mchana umeme wa sola unazungusha mota na mota zinavuta jiwe juu. Jua likizama breki zinalegezwa, jiwe linashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi, na kushuka kwake kunazizungusha mota zile zile kinyumenyume na kurudisha umeme. Kata arobaini na moja, mawe arobaini na moja. Wanawake wa kila kata walilipa jiwe lao jina siku lilipopanda mara ya kwanza. La Ntyuka waliliita Bibi Mbeleje, jina la mkunga aliyewazalisha mama zao.

Kompyuta zilipima uzito na mwendo. Kilichozishinda ni kujua uzi upi umekatika ndani ya kamba, kwa kuwa vipimo vilivyofungwa huko vilikufa kwa mtikisiko ndani ya mwezi. Aliyeweza ni Mesheki. Aliacha shule darasa la tano akachunge ng'ombe wa baba yake, na huko machungani alijifunza kumsikia ng'ombe mmoja anayekohoa kati ya mia. Alipoajiriwa kulinda shimo la kwanza alianza kuzisikia kamba vile vile, na wahandisi, baada ya kumcheka mwaka mzima, wakaigeuza kuwa sheria.

Sheria ilikuwa hivi. Kila alfajiri jiwe linainuliwa shibiri moja tu ili kamba zikaze. Msikilizaji anapanda mnarani na nyundo ya mpingo na fimbo nyembamba. Ncha moja ya fimbo anaigusisha kamba, nyingine anaibana kwa meno, kisha anagonga. Uzi uliokatika unatoa mkwaruzo, na mkwaruzo huo unafika kwenye taya kabla ya kufika sikioni. Akimaliza kamba zote anasema neno moja, "Linasikika." Bila neno hilo jiwe haliinuki, hata aje waziri. Wasikilizaji wote wa mji walifundishwa na yeye, kwenye uwanja wa mafunzo nyuma ya mnara wa Ntyuka, kwa mawe mawili madogo ya tani ishirini.

Kisha ukaja mwaka ambao meli hazikuja, na grisi ya kamba ikaisha mjini. Mesheki alichemsha mafuta ya alizeti kwenye pipa, akachanganya nta ya nyuki na masizi, na kamba za minara yote zikapakwa. Kamba ziling'aa. Mji haukulala gizani hata siku moja. Alipewa cheti chenye fremu na mafuta yakaitwa kwa jina lake, na meli ziliporudi hakuna aliyekumbuka kuagiza grisi. Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita.

*

Mshale ulipofika juu na breki zikakaza, Mesheki alipanda mnarani na kopo la mafuta ya taa, tambara na kisu.

Alianza na kamba ya tisa. Aliuma fimbo, akagonga. Sauti ilikuja nene na safi, ile ile aliyoizoea. Kisha akajaribu kuyasafisha mafuta. Tambara halikufanya kitu. Miaka ilikuwa imeyakausha yakawa gamba gumu kama ukoko wa sufuria iliyoungua, ikabidi akwangue kwa kisu mpaka vidole vikatoka damu. Alipofika kwenye chuma kitupu, urefu wa mkono mmoja, aliuma fimbo tena na kugonga.

Taya lake lilipokea mkwaruzo kama mchele unaomwagwa kwenye sinia.

Alikwangua ya kumi. Mchele tena. Ya kumi na moja ilikuwa nzima. Ya kumi na mbili ilikuwa mbaya kuliko zote, na hapo aliacha, kwa sababu chini ya miguu yake zilikuwa zinaning'inia tani elfu nne.

Alikaa kwenye ngazi ya chuma akaelewa. Alizeti haibaki mafuta. Inakauka. Ilikuwa imeufungia umande ndani ya kamba, umande ukala nyuzi za katikati, na lile gamba likazigandisha nyuzi zilizokatika zisicheze, hivyo mkwaruzo haukutoka. Alikuwa amejiziba sikio kwa mkono wake mwenyewe, kisha kwa miaka kumi na moja akawaambia watu kwamba anasikia.

Kibaya zaidi, alikuwa ameambiwa. Kamba za uwanja wa mafunzo hazikuwahi kupakwa mafuta yake. Zilikuwa chini ya paa na zilifutwa na grisi kidogo ya zamani iliyobaki kwenye debe. Kila mwaka mwanafunzi mmoja alimuuliza kwa nini kamba za uwanjani zinalia wazi kuliko za mnarani, zilizopakwa mafuta. Kila mwaka aliwajibu kwamba jiwe dogo lina makelele, kama mtu mfupi. Wanafunzi walicheka, na yeye alicheka nao.

*

Mhandisi Editruda Ngonyani, mwenyeji wa Songea, ndiye aliyesimamia mawe yote ya mji. Alikitazama kipande cha kamba kwa dakika nzima, akainuka, akafunga mlango. Hakubisha kwamba kamba imeoza. Hakumlaumu mtu. Mesheki angependa alaumiwe.

Alimweleza mambo yalivyo. Kamba mpya za mawe arobaini na moja zitachukua miezi mitano, hata zikiagizwa leo. Waya mkubwa wa taifa ulikuwa unatosha treni, viwanda na hospitali kuu tu. Mawe yote yakilazwa chini, mji utakaa miezi mitano bila umeme kuanzia jua linapozama. Yeye angebadilisha kamba jiwe moja baada ya jingine, kimya kimya, akianza na mabovu zaidi, na mengine yaendelee kupanda. Hesabu zake zilionyesha kamba zina miaka mitatu mbele yake.

"Watu watakufa gizani, Mzee Sogoda," alisema. "Kwenye zahanati, kwenye vyumba vya kujifungulia. Hao nina uhakika nao. Wa jiwe kudondoka sina uhakika nao."

Mesheki aliuliza hiyo miaka mitatu imetoka wapi. Editruda aligeuza kioo cha kompyuta. Kulikuwa na mstari unaopanda taratibu sana, nyuzi zilizokatika kila mwezi, mnara kwa mnara, miaka kumi na moja.

"Hizo namba nani alikuletea?"

Mhandisi aliinua macho kutoka kwenye kioo.

"Ni sisi," Mesheki alisema. "Hilo ni sikio langu, Injinia. Umejenga hesabu yako juu ya sikio langu, na sikio langu lilikuwa limezibwa."

Feni ya dari ilizunguka. Editruda aliutazama ule mstari kama mtu anayemtazama ndugu aliyemdanganya.

"Basi hatujui kitu," alisema polepole. "Inaweza kuwa miaka mitatu."

"Inaweza kuwa kesho."

"Na kutojua si sababu ya kuuzima mji wa watu milioni tano. Kesho alfajiri utalisema neno?"

Mesheki alisema hajui. Editruda alimkumbusha, bila ukali, kwamba anaweza kuleta msikilizaji mwingine Ntyuka.

"Mlete," Mesheki alisema. "Nimemfundisha mimi."

*

Zahanati ya Ntyuka ilikuwa imeegemea mnara, ukuta kwa ukuta. Ilijengwa hapo makusudi, iwe ya kwanza kupata umeme. Jua lilikuwa linaingia jekundu kwenye korido, na nyuma ya ukuta jiwe lilikuwa limeanza kushuka. Mtu aliyezoea aliisikia nguvu yake kwenye nyayo.

Sista Manyusi, mkuu wa wodi ya wazazi, alikuwa anapima joto la mtoto asiyezidi ukubwa wa kiatu. Watoto njiti walikuwa saba. Mesheki alimuuliza wanaweza kukaa saa ngapi bila umeme. Alijibu huku anaendelea na kazi kwamba wawili wameshapata nguvu, wanaweza kufungwa vifuani kwa mama zao na joto la mama likatosha. Watano wanapumua kwa mashine. Betri ya zahanati ina dakika arobaini. Kwenda nao hospitali kuu haiwezekani, barabara itawaua, na hata wakifika vitanda vimejaa.

Kisha akauliza kwa nini anaulizwa.

Mesheki alimwambia yote, kuanzia pipa la alizeti mpaka kamba ya kumi na mbili. Sista hakumshukuru kwa ukweli wake. Alimrudisha mtoto kwenye sanduku lake la joto, akafunga kifuniko, akauliza shimo liko umbali gani kutoka pale alipokuwa amesimama.

"Hatua kumi na mbili nyuma ya ukuta huo."

"Na likidondoka?"

"Ukuta hautakuwepo."

Alimtazama kwa hasira tupu. "Kwa hiyo umekuja niwachagulie hawa watoto watakufaje."

"Sikuja uchague. Kuchagua ni kwangu, ndiko kulikonikosesha chakula tangu mchana. Nimekuja kuuliza hizo mashine tano zinakula umeme kiasi gani."

Sista Manyusi aliona swali hilo ni la kipuuzi, lakini aliinama nyuma ya mashine, akasoma kibandiko, akapiga hesabu kwenye kiganja.

"Kilowati mbili zote pamoja," alisema. "Kama pasi mbili za nguo."

Mesheki alirudia maneno hayo mdomoni. Pasi mbili za nguo. Bibi Mbeleje aliwasha nyumba elfu tatu, saluni, mashine za kusaga, taa za mpira na friji za samaki. Ndani ya umeme wote huo, uliokuwa unazuia kifo ni wa pasi mbili za nguo. Alienda kwenye dirisha la nyuma akautazama uwanja wa mafunzo, na yale mawe yake mawili madogo yaliyokaa kama mbuzi waliosahaulika.

*

Usiku huo aliwapigia wasikilizaji wenzake wote arobaini. Hakumwambia hata mmoja akatae. Aliwaambia alichokiona, akawaambia wachukue kisu, wakwangue urefu wa mkono mmoja, kisha wasikilize. Wengine walimshukuru. Mmoja alimuuliza kama amekunywa. Mke wake, aliyekuwa anayasikia yote kutoka jikoni, alisema mafuta hayo hakuwahi kuipenda harufu yake, akaenda kulala.

Alfajiri jiwe liliinuliwa shibiri yake moja. Chini ya mnara walikuwepo wapandishaji wa zamu na watu wa kila siku, wauza vitumbua na wanaosubiri kuona mshale ukianza kutikisika ndipo waende kazini. Mesheki alipanda. Hakugonga kamba zote. Alikwangua ya ishirini na ya ishirini na moja, akasikiliza, akashuka.

Mpandishaji mkuu wa zamu alikuwa ameshashika mkono wa breki. Aliuliza kama anavyouliza kila siku, akiwa anatazama pembeni. "Mzee, linasikika?"

"Halisikiki," Mesheki alisema. "Lilazeni."

Tangu shimo lichimbwe neno hilo halikuwahi kutamkwa mahali pale. Mpandishaji alimtazama kama hakuelewa, kisha akaachia breki taratibu, na Bibi Mbeleje akakaa chini kwa mshindo mdogo uliotikisa vikombe vya chai.

Mesheki hakungoja waulize. Alisema mafuta yameozesha kamba, na mafuta ni yake, na cheti alichopewa kwa ajili yake kiko nyumbani kwake ukutani kwa anayetaka kwenda kukivunja. Kipande cha kamba kilipita mkono kwa mkono. Kila aliyekiinamisha alipata unga mwekundu kiganjani, akapangusa kwenye nguo na kumpa mwenzake.

Mama mmoja muuza chipsi, Mama Zainu, alikinusa.

"Alizeti," alisema. "Jamani, kumbe miaka yote hii tumetundikiwa jiwe kwa mafuta ya chipsi. Baba, hata mimi mafuta yangu nabadilisha."

Watu walicheka, kicheko kile kinachoanza vizuri na kuishia vibaya. Muuza samaki aliuliza samaki wake wa leo awapeleke wapi. Kijana wa saluni alisema wazee wa siku hizi wanaharibu kisha wanatubu, na kutubu hakuwashi taa. Mwingine alitaka kujua kwa nini wasiendelee tu mpaka kamba mpya zije, mbona jana halikudondoka. Mesheki alimjibu kwamba hilo ni swali zuri na jibu lake hana. Anachojua ni kwamba alfajiri hii ameisikiliza kamba, na hawezi kusema amesikia kisichosikika.

Saa mbili asubuhi Mhandisi Editruda alifika, simu mbili mkononi, zote zinaita. Alimvuta Mesheki pembeni. Mawe ishirini na tisa yalikuwa yamelazwa. Kumi na mawili yalikuwa yanapanda, ama msikilizaji alikwangua akakuta kamba nzima, ama hakukwangua kabisa.

"Na hao kumi na wawili wakiwa sahihi?" aliuliza. "Wakikaa miaka mitatu bila chochote kutokea?"

"Nitafurahi sana."

"Kata nyingine hazina mawe ya kufundishia, Mzee Sogoda. Huko pia kuna zahanati." Alikuwa ameshaambiwa na Sista Manyusi mpango wa kuwasha zile mashine tano kwa mawe madogo ya uwanjani.

"Najua," Mesheki alisema. Mtu fulani katika kata fulani angeweza kufa jioni hiyo kwa sababu yake. Aliubeba uzito huo na hakutafuta wa kumsaidia kuubeba.

Editruda aliutazama uwanja wa mafunzo. Simu ziliendelea kuita. Mwishowe alizizima zote mbili.

"Waya wa kutoka hapo mpaka wodini mnao?"

"Hatuna."

"Nitaleta. Na kila kata yenye winchi ya mkono na kitu kizito, nitawaambia waanze kufanya hivi hivi."

*

Mchana kutwa walifanya kazi. Kihwele alizikagua kamba za mawe madogo uzi kwa uzi, akikoroma kwamba amezaliwa milimani kwenye mvua na viazi, na sasa atafia kwenye vumbi la Wagogo akivuta mawe. Sola ziliinua jiwe la kwanza mita zake sitini, na mota ndogo ya uwanjani ikamaliza siku kwa jiwe hilo moja. Hilo lilikuwa rahisi. Lakini jiwe la tani ishirini likishuka linatoa umeme wa pasi mbili kwa saa moja na nusu tu, kisha liko chini. Wakati la kwanza linashuka, la pili lilipaswa kupanda, na jua litakuwa limeshazama. Mota ya kupandishia isingekuwa na cha kula. Ilibaki winchi ya zamani ya mkono, gurudumu kubwa lililolala, lenye miti sita. Watu wanne kila mti, saa moja na nusu, kisha wengine ishirini na wanne, na wengine, mpaka asubuhi. Kesho vile vile. Miezi mitano.

Mesheki alienda nyumbani akakitoa kile cheti kwenye fremu. Karatasi yake ilikuwa nene na nyuma ilikuwa nyeupe. Sista Manyusi aliandika zamu hapo, kwa kalamu ya wodini, na juu kabisa akaacha mistari ishirini na minne ya zamu ya kwanza. Mesheki aliandika jina lake la kwanza, Kihwele la pili. Baba za wale watoto watano waliandika. Wapandishaji wa Bibi Mbeleje, waliokosa kazi siku hiyo, waliandika. Saa kumi na moja jioni mistari sita ilikuwa bado mitupu.

Saa kumi na mbili kasoro mshale mwekundu wa mnara ulikuwa chini kabisa, mahali ambapo haujawahi kuonekana saa hiyo. Watu walikuwa wamejaa kuzunguka uwanja. Wengi walikuja kucheka, na hawakuficha. Kijana wa saluni alikuwepo, mikono mifukoni, akisema anataka kuona wazee wakiota hernia. Mama Zainu alikuja na kitenge kimefungwa kiunoni. Aliusukuma mti mara moja kuupima, akaitazama orodha, akamuuliza kijana kama mikono yake ni ya kunyolea tu.

Kijana alisema hakuja kusukuma.

"Na mimi sikuja kusukuma," Mama Zainu alisema. "Nilikuja kumtukana huyu mzee. Nitamtukana nikiwa nasukuma."

Akaandika jina lake. Baada yake muuza samaki. Baada yake wasichana watatu wa duka la simu, wakisukumana kwa aibu. Kijana wa saluni alijaza mstari wa mwisho bila kumtazama mtu.

Mwanga wa jua ulitoka kwenye paneli. Katika dirisha la wodi taa ndogo ya kijani ikageuka ya njano, maana yake betri imeanza kuliwa. Dakika arobaini. Editruda alilegeza breki ya jiwe la kwanza, nalo likaanza kushuka, na taa ikarudi kuwa ya kijani. Hakuna aliyeshangilia. Wote walijua ile ni kazi ya jua, na jua limekwenda.

Watu ishirini na wanne walishika miti. Kihwele alikuwa ameshafungua mdomo aanze kuwaimbisha matusi yake ya Kihehe, kisha akakumbuka, akaufunga. Jiwe haliinuki bila neno.

Mesheki aliuacha mti wake, akachukua nyundo na fimbo. Kamba za jiwe la pili zilikuwa nne tu, tupu, kavu, hazina mng'ao wowote. Waliinua shibiri moja. Aliuma fimbo, akagonga ya kwanza. Ililia kwa kelele, kama mtu mfupi, lakini bila mkwaruzo. Alisikiliza mpaka sauti ikaisha yenyewe. Akagonga ya pili, ya tatu. Ya nne aliigonga mara mbili, na mara ya pili aliigonga kwa sababu hakuwa anajiamini tena, na uwanja mzima ulimsubiri bila mtu kukohoa.

Alitoa fimbo mdomoni, akairudisha nyundo kwenye ndoano yake, akarudi kwenye nafasi yake kati ya Mama Zainu na Kihwele, akaweka kifua kwenye mti.

"Linasikika," alisema.

Wakasukuma.